Jibu: Kwa nini + inapita na << inakataliwa?

Ndugu, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako wa C++) haikuonei. Umeandika klasi (kiolezo cha kuundia vitu) iitwayo Shilingi, yenye data ya private iitwayo kiasi, ukauliza kwa nini opereta + inasoma kiasi cha Shilingi ya pili, ilhali opereta ya kuchapisha << inagomewa. Katika C++, private (alama inayozuia msimbo wa nje kugusa data) hupimwa kwa klasi, si kwa kitu kimoja kimoja. Opereta + umeiandika ndani ya Shilingi, hivyo ukijumlisha Shilingi mbili, nauli + chenji, inaona kiasi cha zote mbili. << iko nje. Kushoto kwake kuna std::cout, si klasi yako. Itangaze kuwa friend (rafiki anayeruhusiwa kugusa vya private) ndani ya Shilingi, mstari mmoja tu.

Angalia na hili, maana lilinipotezea jioni nzima hapa Kampala nikijumlisha nauli za boda: kompaila kwanza huchagua opereta inayolingana zaidi, ndipo hukagua ruhusa. Ikikuta ni private, inakataa. Hairudi kutafuta nyingine.