Mwanangu, mwambie daktari ulikolala

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Homa imekushika tangu Jumapili, Alhamisi unangojewa Kisumu kuwasilisha ripoti kwenye kongamano, Jumamosi uwe Kakamega kwa mafunzo. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulizunguka na kazi miaka yote ile. Ulipougua ulifanyaje?"

Nilifanya vibaya. Sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1997 nikiwa afisa wa ushirika hapa Nakuru, nilitumwa Ahero, kule chini karibu na Kisumu, siku nne kusaidia kukagua vitabu vya wakulima wa mpunga. Nililala chumba kisicho na neti, nikarudi mzima. Kama siku ya kumi na mbili hivi, viungo vikaanza kuniuma. Jioni natetemeka, asubuhi najiona nimepona. Na wiki hiyohiyo nilitakiwa Kisumu kuisoma taarifa ya ukaguzi mbele ya wakubwa. Nilikuwa nimeikesha taarifa ile, na nilijua wapo ofisini waliosema mama mwenye watoto wadogo hafai kutumwa mbali. Nisingewapa la kusema.

Nilipita kliniki moja mjini, lakini kabla ya kutoka nyumbani nilimeza Panadol mbili. Nilipofika mwili ulikuwa umepoa, nikaambiwa ni mafua. Hawakuniuliza nimetoka wapi, nami sikusema. Nakuru iko juu, kuna baridi, mtu wa huku akiwa na homa, malaria si jambo la kwanza kufikiriwa.

Nikapanda matatu alfajiri. Kule Mau Summit nilitetemeka hadi mama niliyeketi naye akanifunika leso yake. Tulipoteremka Ahero jua lilikuwa kali, kila mtu anafungua dirisha, mimi naomba yafungwe. Mkutanoni nilisoma kurasa mbili. Ya tatu siikumbuki. Nilizinduka hospitalini, dripu ya kwinini mkononi, masikio yanavuma kama nimeinamia mtungi. Swali la kwanza la daktari: "Wiki mbili zilizopita ulilala wapi?"

Nililazwa siku sita. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Ulilala kwa jirani, ukaambiwa kazi ya mama haijaisha, na niliporudi ukaniuliza mbona nimekonda hivyo kwa kusoma karatasi tu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ile taarifa, mwenzangu aliichukua mezani akaimalizia, na watu wakaendelea na chai.

Sasa wewe. Wiki mbili zilizopita ulikuwa Siaya na Busia, kwenye malaria nyingi. Usijitumainie kwa sababu nyanya yako ni wa Siaya, maana kinga ya malaria hairithiwi kama jina la ukoo. Hujengeka kwa kuishi kule, na hata aliyezaliwa kule akihama miaka mingi humpungukia. Wewe umekulia Nakuru. Na mbu akishakuuma, ugonjwa hukaa kimya wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, ndiyo maana mtu husahau safari wakati homa inapokuja.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda ukapimwe damu. Kipimo cha kidole hakizidi dakika ishirini. Mwambie daktari kila mji uliolala, na kama umemeza Panadol mtajie saa uliyomeza. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Kikikosa kuonyesha kitu na homa ikaendelea, rudi upimwe tena, tena uulize ni nini kingine. Kikionyesha malaria, dawa inayotumika sana siku hizi ni ya siku tatu, mara sita: ya kwanza, ya pili baada ya kupita muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni. Siku ya pili utajisikia nafuu na utatamani kufunga mkoba uende Kisumu. Tafadhali, mwanangu, maliza dawa.

Kuhusu kuonekana mvivu: mwandikie mkubwa wako leo asubuhi, ili apate siku mbili za kumwandaa mwenzako asome slaidi zako. Ukimwambia Alhamisi alfajiri, hapo utakuwa umewaangusha kweli. Na si fadhila unaomba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila miezi 12, mradi apeleke cheti cha daktari. Kiombe hicho cheti kabla hujatoka kliniki.

Ufunguo mwachie mlinzi. Napanda matatu ya saa nne hapa Njoro, na nimekufungia maziwa lita mbili, kwa sababu dawa hiyo ya malaria huingia mwilini vizuri ikimezwa na kitu chenye mafuta.

Mama yako