Futa hiyo nadharia kabla hujatuma swali lako

Mleta uzi, futa aya ya pili. Futa sasa hivi, mengine utasoma baadaye.

Umesema umepata nafasi ya swali moja kwa mwandishi wako kwenye kikao cha mtandaoni mwezi ujao, ukalibandika hapa tulione. Kitabu cha mwisho kinatoka lini, halafu nadharia yako kwamba mlinzi wa lango ndiye mtoto wa malkia aliyeibwa, halafu "je, nimepatia?" Chini yake ukauliza habari za bando, kama uandike Kiingereza au Kiswahili, na nakala yenye sahihi unaipataje ukiwa Nyegezi. Nimesoma tumbo likanikata. Swali hilo nimeshaliuliza mimi, mkuu. Tofauti ni majina tu: kwako mlinzi wa lango, kwangu mpiga makasia.

Mimi niko Kirumba, hapahapa Mwanza, nauza vipuri vya mashine za boti. Mfululizo wangu nilianza na kitabu cha mtumba kisicho na jalada, nikakimaliza kwa siku nne dukani huku wateja wakidhani nasoma mahesabu. Simtaji mwandishi, maana mashabiki wake ni nyuki na mimi nataka kulala. Mwaka uliofuata akatangaza kikao cha maswali. Tiketi dola 25, ambazo kwa shilingi zilivuka 60,000, nikalipia kwa kadi ya shemeji yangu ambaye mpaka leo kwenye sherehe za familia ananiita "mchawi". Tangazo lilisema saa mbili usiku, ya New York. Ilikuwa Novemba, wanakuwa nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo kwetu ni saa kumi alfajiri. Hapo tu ndipo nilipopatia.

Swali nililitunga wiki mbili. Lilikuwa na maneno zaidi ya 200. Nilieleza kwamba mpiga makasia wa kitabu cha kwanza ndiye yule mfalme aliyezama, nikataja sura sita za ushahidi, nikamalizia kwa kupendekeza kitabu cha mwisho kiishie wapi. Nikajiona profesa. Nikalituma siku tatu kabla, kama walivyoagiza.

Alfajiri ile nikakaa na simu, chai na blanketi. Maswali yakasomwa moja baada ya jingine. Ilipokaribia saa kumi na moja, ujumbe ukaingia kutoka kwa msimamizi: samahani, hatupitishi maswali yenye nadharia ya msomaji kuhusu vitabu vijavyo. Basi. Hawakusema nirekebishe, hawakunipa nafasi nyingine, na tiketi hairudishwi. Kumbe masharti hayo yalikuwa kwenye barua pepe ya tiketi, chini kabisa, pale ambapo mtu mzima na akili zake hafiki.

Niliwachukia wiki nzima. Baadaye nikaja kuelewa, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko popote. Waandishi wengi wa mifululizo hawataki kabisa kusoma nadharia za mashabiki zinazohusu yajayo, na wala si kiburi. Fikiria amesoma yako, kisha kitabu kikatoka na kweli mlinzi wa lango ni mtoto wa malkia. Kesho unasimama mbele ya watu unadai amekuibia wazo, na ushahidi unao: alilisoma tarehe fulani, mbele ya mashahidi. Wanasheria wa wachapishaji hawataki hata harufu ya kesi ya hivyo, kwa hiyo wanaweka mtu wa kuchuja. Na tuseme imepenya kwenye chujio. Akikujibu "ndiyo" ameharibu kitabu chake. Akisema "hapana" amekufungia mlango mmoja na waliobaki watahesabu milango iliyosalia. Anachobaki nacho ni kucheka na kusema twende swali linalofuata. Marehemu Robert Jordan, yule wa mfululizo wa The Wheel of Time, alizoeleka kwa jibu moja kwa maswali ya namna hiyo: soma utajua. Mashabiki wakalifanya msemo. Naye alifariki 2007 kabla ya kumaliza mfululizo wake, ukamaliziwa na Brandon Sanderson mwaka 2013, kwa hiyo wapo waliosoma kweli, lakini si kutoka kwake.

Na hiyo "lini" yako nayo itoe. Kitabu cha tano cha mfululizo wa George R. R. Martin kilitoka 2011. Cha sita ameulizwa na kila kiumbe chenye mdomo. Wewe wa Nyegezi ndiye utakayemkumbusha?

Sasa nije kwa bwana aliyenipoteza. Alikuwa admin wa kundi letu la WhatsApp la wasomaji, mtu wa "mimi nimesoma vyote mara tatu". Nilimwonyesha rasimu ya kwanza ya swali langu, mistari miwili tu. Akanicheka. Akasema swali fupi ni la watoto wa shule, mwandishi mkubwa anataka msomaji anayempa changamoto, mmwagie nadharia atakukumbuka maisha yote. Akanipangia na zile sura sita! Tulipokuwa tunachangia alfajiri ile kundini, nilipoandika kwamba swali langu limekatwa, akajibu kwa kikaragosi cha kucheka kisha akasema "ulilirefusha sana". Jamani. Nilitoka kundini saa hiyohiyo, nikarudi kesho yake kwa sababu ndimo walimo wateja wangu wawili wa propela, lakini salamu yake sijaitikia hadi leo. Baadaye nikagundua yeye mwenyewe hajawahi kumuuliza mwandishi yeyote chochote. Alikuwa anafundisha kuogelea hajawahi kulowa.

Kanuni yangu ni moja tu, na nimeilipia: muulize alichokwisha kuandika, usimuulize ambacho hajaandika.

Alfajiri hiyohiyo nikiwa nimenuna, lilisomwa swali la binti mmoja, sentensi mbili. Aliuliza kwenye sura ya tatu mpiga makasia (wangu huyohuyo!) analipwa chumvi badala ya sarafu, je, chumvi hiyo inachimbwa na nani? Mwandishi akakaa kimya kidogo, akavua miwani, akaongea karibu dakika kumi. Akaeleza migodi, watumwa wa migodi, vita ambayo haimo kitabuni, na kwa nini kijiji kizima kinamwogopa mpiga makasia. Bila kujua akawa amejibu nusu ya nadharia yangu ya maneno 200. Mwandishi akiulizwa kitu kidogo kilichomo kitabuni anajisahau, kama mzee wa Ukerewe ukimuuliza mtumbwi wake aliuchonga kwa mti gani. Hata Tolkien, yule wa The Lord of the Rings, barua zake zilizokusanywa zikatoka kitabu 1981, utamkuta anawajibu watu kwa kurasa juu ya majina na lugha za viumbe wake.

Na nikitaja Ukerewe, kumbuka mwandishi wa kwako yu hai. Mzee Aniceti Kitereza wetu alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili 1980, mwenyewe akafariki 1981. Nina maswali kama thelathini kwa yule mzee, yote ya mambo madogo, na hayana pa kupeleka.

Sasa utasema mimi nina cha kuuliza gani, sijui migodi ya chumvi. Unaishi kando ya ziwa, mkuu! Mimi nilikuja kuliona swali langu miezi miwili baadaye, nimesimama soko la Mwaloni mteja akilalamika kwamba biashara imelala kwa sababu ya mbalamwezi. Kila mtu hapa anajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kila mahali, taa haivuti kitu, wavuvi wanashona nyavu na kudaiwa. Nikakumbuka kitabu cha pili: wavuvi wa taa wanaingia majini usiku wa mwezi mpevu, mitumbwi mia, ukurasa mzima wa uzuri. Nimeusoma ukurasa ule mara nne na ubongo wa Kirumba haukushtuka hata mara moja, ulikuwa unamtafuta mfalme aliyezama.

Nikamwandikia kupitia anwani ya mchapishaji iliyo kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Mistari minne, Kiingereza changu cha dukani, hakuna aliyenisahihisha. Nikaeleza wavuvi wa kwetu na mwezi, nikauliza wavuvi wake wanatumia taa za namna gani hata zinashinda mbalamwezi. Sikutaja mpiga makasia. Iliniuma, lakini sikumtaja.

Ilipita miezi mitano. Ikaja kadi ya posta, mwandiko wa mkono, wino wa buluu. Kasema hajawahi kuvua samaki hata mmoja maishani mwake, mwezi aliuweka kwa sababu ulipendeza, na kwamba sasa itabidi atafute sababu ya zile taa. Kadi ipo dukani, nimeibandika juu ya rafu ya plagi, na yule admin amewahi kuja kuipiga picha.

Kwa hiyo hiyo aya ya pili, umeshaifuta?