Karavani iliyowahi kulala baridini: kagua mabomba kabla hujalipa

Mimi ni fundi bomba hapa Malindi, na chumvi naijua. Nionyeshe nati iliyoota ukungu wa kijani, nitakwambia kama nyumba hiyo inatumia maji ya kisima cha karibu na bahari au ya mfereji yanayokuja kutoka Baricho. Kwa hiyo nilipoitwa mara ya kwanza kukagua karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, nilikwenda nikiwa na uhakika wangu wote. Mama mmoja alitaka kuinunua aiweke Mambrui, wageni walale karibu na ufuo. Ilikuwa imeegeshwa uani kwa watu, upande wa barabara ya Casuarina. Mwenyewe, Mtaliano, alikuwa ameshahamia kwao, na mlinzi ndiye aliyeachiwa kuiuza.

"Fundi, mimi nataka neno moja tu," mama akaniambia. "Mabomba ni mazima ama si mazima?"

Pampu haikuwapo na betri ilikuwa imekufa. Nikapandisha ndoo ya maji juu ya paa, nikaingiza mpira, nikafungua mfereji wa sinki. Maji yakatoka, membamba lakini yakatoka. Nikatazama chini ya sinki: pakavu. Nati hazina kutu. Nikamwambia, mama, mabomba ni mazima.

Wiki tatu baadaye simu ikaja: "Fundi, njoo uone mabomba yako mazima."

Alikuwa amefungiwa pampu mpya na betri mpya. Nyuma ya kiti kirefu, mahali ambapo mkono haufiki bila kung'oa ubao, maji yalikuwa yakimwagika tangu usiku. Plaiwudi ya sakafu ilikuwa imevimba kama mahamri. Nilipong'oa ule ubao nikakuta elbo, kile kiungo cha kona, ya plastiki nyeupe, safi kabisa, ina mstari mmoja ulionyooka, mwembamba kama unywele. Nikaibinya kwa vidole, mstari ukafunguka. Nikaiachia, ukafunga.

Hapo ndipo nilipoielewa ndoo yangu. Ndoo iliyo juu mita 2 inatoa shinikizo la bar 0.2 tu. Pampu ya karavani inatoa bar 1 hadi 3, kutegemea aina. Ule ufa ulikuwa unaweza kustahimili ndoo yangu siku nzima bila kudondosha tone. Pesa ya ukaguzi nilimrudishia, na sakafu nikaitengeneza bila kudai chochote. Haya mengine nimejifunza kwa kufungua karavani moja baada ya nyingine, na nakuandikia wewe kijana unayeanza kazi, au wewe unayetaka kununua, ili usipande paani na ndoo kama mimi.

Swali la kwanza kila mtu huuliza ni hili: Malindi hakugandi, baridi ya barafu inatoka wapi? Kweli, hapa hata usiku wa Julai upepo wa kusi ukivuma hatushuki kufikia baridi ya namna hiyo. Sisi barafu tunayoijua ni ile ya ukwaju na ile ya kuwekea samaki. Lakini karavani nyingi zilizoko pwani hazikuzaliwa hapa. Zilitumika Uingereza, Italia au Ujerumani, zikalala nje misimu ya baridi, ndipo zikaletwa. Zikifika huku, nyingi hugeuzwa chumba cha mlinzi au stoo, na hakuna anayefungua mfereji kwa miaka. Ufa uliopatikana huko Ulaya unakaa humo kimya. Ndiyo maana simshuku muuzaji haraka. Mara nyingi hakudanganyi. Hajui.

Umewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza? Basi unajua kilichotokea. Maji yakiganda hukua kwa takriban asilimia 9, na hayaombi ruhusa. Ila ndani ya bomba kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui, nami sikulijua. Bomba mara nyingi halipasuki pale barafu ilipoanzia. Barafu inapokua inasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea mbele. Yakikuta mfereji umefungwa, yanabanwa kati ya barafu na mfereji mpaka kitu kiachie, na kinachoachia ni kilicho dhaifu kuliko vyote: elbo, ti (kiungo cha njia tatu), kichwa cha pampu, tumbo la mfereji. Bomba lenyewe la plastiki laini linaweza kunyumbuka kidogo likarudi. Ukilipapasa bomba refu zima ukaridhika, hujakagua kitu. Nenda kwenye viungo.

Sasa sikiliza tofauti, kwa sababu jicho la fundi wa pwani limezoea vibaya. Chumvi hula polepole na huacha alama: kijani kwenye shaba, unga mweupe kwenye nati, tundu dogo kama la sindano. Barafu haiachi kutu. Inapasua mara moja, kwa mstari mnyofu, na kingo zake ni safi. Kwenye bomba la shaba utakuta limevimba sehemu moja kama nyoka aliyemeza panya, halafu limechanika kwa urefu, si kwa kuzunguka. Kwenye viungo vya kusukuma kwa mkono utakuta bomba limechomoka milimita chache, na alama ya meno ya kiungo imebaki juu yake. Kiungo kisicho na kutu hata kidogo kinanitia wasiwasi siku hizi kuliko chenye kutu.

Kabla hujaloweka chochote, ingia na tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Unatafuta mikono ya waliokutangulia. Kipande kimoja cha bomba chenye rangi tofauti na vingine, klipu mpya moja katikati ya klipu za zamani, silikoni iliyopakwa kwenye kiungo, gundi ngumu: mtu alishapata uvujaji hapo. Mwulize muuzaji. Kuziba kwenyewe si dhambi, ila aliyepasukiwa mahali pamoja kwa baridi huwa amepasukiwa na pengine pia. Nusa kabati la chini. Bonyeza sakafu kwa kisigino karibu na sinki, karibu na choo, na chini ya boila, tangi la kupashia maji moto. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba. Ukizama, simama hapo hapo ufikiri.

Unyevu wa mvua na unyevu wa bomba hutofautiana kwa njia wanayopita. Mvua huanzia juu, kwenye dirisha au maungio ya paa, ikaacha mchirizi unaoshuka. Bomba huanzia chini, na doa lake hupanda ukutani. Ukikagua Januari au Februari, kaskazi imekausha kila kitu na mvua hakuna, halafu ukute sakafu imelowa, huna haja ya kubishana na mtu kuhusu paa.

Jaribio lenyewe la maji usilifanye kwa vifaa vya muuzaji. Beba betri yako ya volti 12, pampu yako kama ya karavani haipo, mpira, na maji matamu. Ya kisima cha chumvi yaache. Ukiyapitisha yakakauka humo utakuwa umeongeza ugonjwa. Beba na tishu nyingi. Jaza, toa hewa kwenye kila mfereji, wa moto na wa baridi, mpaka maji yasikohoe. Kisha funga yote na usikilize.

Pampu yenye swichi ya shinikizo ikifungiwa mifereji inatakiwa kunyamaza. Ikinyamaza, kaa kwenye kiti, agiza chai, usubiri nusu saa. Ikijiwasha yenyewe sekunde mbili tatu halafu ikanyamaza tena, na hakuna aliyegusa mfereji, kuna mahali maji yanakwenda. Karavani nyingi za Ulaya hazina swichi hiyo: mfereji wenyewe una swichi ndogo ya umeme ndani, na pampu ya kutumbukiza hukimbia tu ukifungua. Hizo zitakuhadaa, kwa sababu pampu itanyamaza hata kama bomba limepasuka. Unganisha pampu moja kwa moja na betri, mifereji ikiwa imefungwa, kwa dakika moja au mbili tu, uione njia nzima ikibeba shinikizo.

Wakati huo zungushia kila kiungo unachokifikia kipande cha tishu kikavu. Tone ambalo jicho halilioni, tishu italionyesha. Mfereji wa bafu uangalie kwa makini kuliko mingine. Ndani yake maji hubaki hata mtu akidhani amemwaga yote, na ndio ninaoukuta umepasuka mara nyingi. Hautavuja mdomoni, utavuja chini ya mkono wa kufungulia, au nyuma ya ukuta. Tazama pia ile vali ndogo ya plastiki inayosukuma maji ya choo, bakuli la chujio mbele ya pampu, na tundu la nje la kuingizia maji.

Mitego ya maji machafu, yale mabomba yaliyopinda chini ya sinki na bafu, hupasuka vilevile, na watu huisahau kwa sababu haibebi shinikizo. Jaza sinki mpaka juu, ng'oa kizibo, uwe umeshalala chini na tochi. Ukikuta mabaki ya majimaji ya waridi ndani ya mtego, furahi kidogo: aliyekuwa nayo alitia dawa ya kuzuia kuganda, maana yake alikuwa mtu wa kujali. Dawa ya waridi ya karavani haina sumu kali. Ya redieta ya gari ni sumu, na wapo wanaoitia kwa kutojua, kwa hiyo suuza njia nzima kabla ya mtu yeyote kunywa.

Boila ndiyo roho ya hesabu. Zile za kampuni ya Truma zilizozoeleka hubeba lita 10, na baadhi zina vali inayojifungua yenyewe joto likishuka hadi karibu nyuzi 3, maji yote yamwagike kabla hayajaganda. Ni akili nzuri, mradi mtu hakuibana kwa klipu ya nguo ili isifunguke. Usicheke, nimeikuta. Hakikisha maji yanaingia kwenye boila kweli. Baadhi ya karavani zina njia ya mchepuko, na muuzaji mwenye kujua mambo anaweza kuigeuza ili boila iliyopasuka isiguswe na jaribio lako. Fungua mfereji wa moto: ukitoa maji papo hapo ilhali boila ilikuwa tupu, maji hayapiti ndani yake. Lazima ikohoe hewa kwanza, lita 10 nzima. Na usiiwashe kabla haijajaa.

Maji yakiwa taabu kupatikana, au mwenye karavani hataki sakafu yake ilowe, tumia hewa. Hili nililichukua kwa fundi pancha pale Maweni. Funga upande wa tanki kwanza, kwa sababu tanki la plastiki halikuumbwa kubeba hewa na litapasuka mbele yako. Unganisha kompresa kwenye tundu la nje ukiwa na geji, jaza mpaka bar 2, usizidishe. Ni kama pumzi ya gurudumu la gari dogo. Funga, tazama geji kwa robo saa. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwenye viungo uone panapochemka, kama unavyotafuta pancha ya baiskeli.

Baada ya hapo ni biashara. Elbo moja au mbili zilizopasuka hazinitishi, namwambia mteja apunguze bei na anunue. Lakini ajue kitu kimoja: duka la hapa litakuuzia bomba la PPR, ile plastiki ngumu ya majumbani, na la nusu inchi, na karavani ya Ulaya huwa na bomba la milimita 12 au mpira laini wa klipu. Havikutani bila viunganishi, na viunganishi hivyo huagizwa, ukingoje. Boila iliyopasuka ni neno zito, pengine zito kuliko karavani yenyewe kama ni ya zamani. Sakafu iliyooza mpaka kwenye mbao za fremu, mimi humwambia mteja tuondoke. Wengine hukasirika, hasa wakiwa wameshaipaka rangi akilini mwao na kuchagua mapazia.

Muuzaji akikataa kabisa maji yasiingizwe, akisema "hii ilikuwa inafanya kazi vizuri tu", usibishane naye wala usimwite mwongo. Mwambie utanunua kwa bei ya karavani isiyo na mabomba. Jibu lake litakuwa ripoti yako.

Ile elbo ya Mambrui bado ninayo, ndani ya kisanduku cha spana. Kijana mpya akija kujifunza kazi kwangu humpa kwanza aibinye, kisha namwuliza nini kimeipasua. Karibu wote hunijibu: jua.