Mtafuteni mfanyakazi kabla ya mgomo

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vyumba vya habari vya televisheni huku Marekani, nawaandikia jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa.

Septemba 2023, usiku ambao mikataba ya chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, ilikuwa inaisha kwenye kampuni za Ford, GM na Stellantis, zamu yangu ilikuwa kutafuta wageni wa kipindi cha asubuhi. Nikafungua orodha ya namba za simu tunayoitumia wote. Walikuwemo wachambuzi wa soko la hisa, maprofesa wa uchumi, wasemaji wa kampuni, hadi mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuongoza kiwanda. Upande wa wafanyakazi palikuwa na namba moja tu, ya ofisi ya chama, na nilipoipiga haikuwa inatumika tena. Saa sita usiku watu wa viwanda vya Wayne, Wentzville na Toledo wakatoka nje. Asubuhi tukaingia hewani na wageni watatu, wote wakaongelea bei ya magari itakavyopanda. Hakuna bosi aliyetukataza kumleta fundi anayefunga milango ya magari. Hatukumjua hata mmoja.

Watu wakizungumzia jinsi sauti za kuwatetea wafanyakazi zilivyopungua kwenye stesheni za habari za kebo, humtaja Ed Schultz, aliyekuwa mtangazaji wa stesheni ya kebo ya MSNBC, na wana haki. Februari 2011 alihamia Madison, Wisconsin, na kipindi chake, wakati umati ulipojaa ndani ya jengo la bunge la jimbo kupinga muswada wa Gavana Scott Walker, uliowanyang'anya watumishi wengi wa umma sehemu kubwa ya haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Walimu walisema wenyewe, kwa midomo yao. Julai 2015 MSNBC ikakifuta kipindi hicho, na saa yake ikapewa kipindi cha siasa za Washington. Lililoniuma mimi ni kwamba shughuli yote ile ilikuwa imebebwa na mtu mmoja. Alipoondoka, mlango ule ukafungwa.

Zamani vyama havikusubiri kualikwa. Shirikisho la wafanyakazi la Chicago lilikuwa na redio yake, WCFL, tangu 1926. AFL-CIO, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi Marekani, nayo kwa miaka mingi ililipia taarifa ya habari ya Edward P. Morgan kwenye redio ya ABC. Nguvu hiyo imepungua pamoja na wanachama: mwaka 1983 mfanyakazi mmoja kati ya watano alikuwa kwenye chama, 2023 ni mmoja kati ya kumi. Mhariri wa leo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukaa meza moja na mwanachama, si shemeji, si jirani.

Sasa tazameni kazi yenyewe inavyokwenda. Msemaji wa kampuni hujibu barua pepe ndani ya dakika kumi, na yuko tayari kukaa mbele ya kamera. Mfanyakazi simu yake imefungiwa kwenye kabati hadi zamu iishe. Ukimtafuta saa nne asubuhi hupati kitu, kisha unaandika "hawakupatikana", na mtazamaji anadhani walikataa kusema. Nendeni getini wakati zamu zinapobadilishana. Mimi nilisimama nje ya ghala moja la vifurushi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mama mmoja wa Bukavu alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu. Akavua glovu, akanionyesha kifundo cha mkono alichokizungushia bandeji, kisha akasema, "Papa, kwenda ku choo na kurudi ni dakika saba, na mashine inazihesabia." Kifaa anachosomea vifurushi kikinyamaza, msimamizi anaona. Sikumwomba jina wala picha siku ile, na nawasihi msiombe siku ya kwanza. Ana watoto watatu na kodi ya nyumba. Miezi mitatu baadaye alinipigia mwenyewe.

Angalieni pia vitenzi vyenu. Kwenye habari za migomo kampuni siku zote "inatoa", chama siku zote "kinadai". Mmoja anaonekana mkarimu, mwingine msumbufu, na bado hujasema lolote kuhusu mshahara. Andikeni kwamba kila upande umependekeza, kisha wekeni tarakimu za pande zote mbili. Na someni mkataba wa hali bora wenyewe, kurasa zote, maana mambo yaliyowatoa watu nje 2023, kama vibarua wanaofanya kazi ileile ya mwenye ajira ya kudumu kwa malipo madogo kuliko yake, hayamo kwenye taarifa za kampuni kwa waandishi.

Siku hizi nina kalenda ya tarehe ambazo mikataba inaisha, na miezi sita kabla ya kila tarehe naanza kwenda getini. Mikataba ya UAW na kampuni zile tatu inaisha tarehe 30 Aprili 2028.