Nikilipia jino, URA watanirudishia kitu?

SWALI: Habari dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya praiveti hapa Arua, mshahara laki tisa kwa mwezi. Gego la chini limeoza mpaka kwenye mzizi, kliniki wanasema ruti kanali, yaani kulitibu mzizi bila kuling'oa, na hela yenyewe ni karo ya mtoto kabisa. Rafiki mmoja ananiambia URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanapunguza kodi ukiwapelekea risiti, mwingine anasema bima ya taifa ilishapita bungeni. Nishike lipi, ama ning'oe tu yaishe?
Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu, pole sana, maumivu ya gego hayakuachi ulale. Rafiki zako wote wawili wamekupa nusu ya habari. Bunge kweli lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021 lakini rais hakuutia saini, kwa hiyo kadi ya bima ya serikali ya kuonyesha pale kliniki hatuna. Na risiti ya jino uliyolipa mfukoni mwako haikupunguzii PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, hata shilingi, sheria yetu ya kodi ya mapato haina nafuu hiyo kwa mfanyakazi.

Ila kuna mlango watu wengi hawaujui na mimi naumia nikiona walimu wanaupita. Mwajiri akikulipia matibabu yako, ama akikurudishia ulichotumia, hiyo haihesabiwi kama mshahara. Sasa angalia hesabu, kwa mshahara wako kila shilingi inayozidi 410,000 inakatwa asilimia 30, kwa hiyo shule wakikuongezea 200,000 kama posho tu, 60,000 inaenda kwa kodi, lakini wakilipa kliniki hiyo 200,000 au wakakurudishia kwa risiti, inabaki yote kwa jino. Kwa hiyo usiende kwa mkurugenzi kuomba alawansi! Mwombe walipie bili, andika barua, ambatanisha makadirio ya kliniki, na risiti iwe na jina lako na iseme ni matibabu gani.

Kama shule ina bima ya kampuni, uliza meno yana kikomo chao au la, maana mara nyingi kikomo cha meno ni kidogo na kiko mbali na kile cha kulazwa, na uliza kama ni lazima wakubali kabla daktari hajaanza.

Kung'oa? Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada tangu 2001, ukiacha zile wodi za kulipia, kwa hiyo pale hospitali ya rufaa watakuona hata kama huna kitu. Lakini gego la kutafunia likitoka ni basi, halioti tena, na bandia linagharimu kivyake, kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza kama wana vifaa vya kulitibu na bei ikoje wodi ya kulipia, ndiyo niamue.

Barua ipeleke wiki hii. Ila shavu likivimba, ukapata homa ama mdomo ukashindwa kufunguka, usisubiri jibu la mkurugenzi, nenda hospitali siku hiyohiyo.