Hisa ya kampuni ya magari inauzwa mara 5 tu ya faida: ni rahisi kweli?

Mkuu, umeuliza kama hisa inayouzwa mara 5 ya faida ya mwaka, tena bei imepanda miezi sita mfululizo, ni ya kununua. Kwa kampuni za magari, uwiano huo ukiwa mdogo ndipo uongeze umakini. Uchumi ukiyumba watu huahirisha kununua gari, lakini gharama za kiwanda hubaki palepale, kwa hiyo faida huporomoka kuliko mauzo. Hisa huonekana rahisi hasa pale faida ilipofika kileleni.

Chukua faida kwa kila hisa ya miaka 7 hadi 10, na ndani yake uwepo mwaka mbaya. Tuseme bei ni 50 na faida, kuanzia mwaka wa karibuni kurudi nyuma, ni 10, 9, 6, hasara ya 2, kisha 3, 5 na 4. Jumla 35, wastani 5. Kumbe unalipa mara 10, si mara 5. Kabla ya kujumlisha, rekebisha migawanyo ya hisa: Toyota iligawa hisa 1 kuwa 5 mwaka 2021, na Tesla imegawa mara mbili, 2020 na 2022. Usiporekebisha, utadhani faida imeanguka.

Kwenye kupima uthabiti wa kifedha ndiko wengi hukosea. Ford, GM (General Motors) na Toyota zina vitengo vya kukopesha wanunuzi wa magari, na mizania ya pamoja, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni nzima, huchanganya deni la kitengo hicho na la kiwanda. Ukiligawa lote kwa mtaji utaona kampuni imefilisika wakati haijafilisika. Fungua maelezo ya vitengo, chukua fedha taslimu za upande wa magari, toa deni la upande huo, kisha toa pengo la pensheni, yaani pensheni iliyoahidiwa wafanyakazi ambayo haijatengewa fedha. Kitengo cha mikopo kipime peke yake: wakopaji wangapi wamechelewa kulipa, na bei za magari yaliyotumika zinaelekea wapi, maana magari ya kukodisha hurudi kwa kampuni.

Fedha taslimu ya upande wa magari ina kazi kubwa. Kampuni hulipwa gari linapokwenda kwa wakala, ila yenyewe huwalipa wasambazaji wa vipuri wiki kadhaa baadaye. Mauzo yakikua, mpangilio huu huijaza kampuni fedha. Kiwanda kikisimama, mapato yanakatika huku ankara za zamani zikiendelea kudai. Ndiyo maana Machi 2020 Ford ilichota dola bilioni 15.4 kwenye mikopo yake ya akiba na kusitisha gawio. Mwaka 2006 iliweka mali zake rehani na kukopa zaidi ya dola bilioni 23. Ilipofika 2009, Chrysler na GM ziliomba kinga ya mufilisi, Ford haikuomba.

Mapato kuhesabiwa gari linapofika kwa wakala kuna hatari nyingine: robo mwaka inaweza kupendeza huku magari yakirundikana yadi. Gawanya magari yaliyopo kwa mauzo ya siku. Yadi zenye 120,000 zikiuza 2,000 kwa siku zina akiba ya siku 60, kiwango ambacho Marekani kimezoeleka kuwa cha kawaida. Ikipanda kuelekea 90, subiri punguzo za bei, na punguzo hula faida moja kwa moja.

Mwenendo wa bei mimi ningeuweka mwisho. Angalia wastani wa bei wa siku 200 unainama upande gani, kisha linganisha hisa yako na kampuni nyingine za magari. Zikipanda zote pamoja, hiyo ni hali ya sekta. Na kila mara tafuta sababu ya kupanda. Oktoba 2008 hisa ya Volkswagen ilivuka euro 1,000 kwa muda mfupi, baada ya Porsche kutangaza sehemu kubwa ya hisa inayoidhibiti, na waliouza hisa za kuazima wakitarajia bei ishuke wakalazimika kuzinunua tena kwa bei yoyote ili wazirudishe. Mauzo ya magari hayakuhusika hata kidogo, na bei ilishuka haraka vilevile.