Shemeji hajakukosea, kakukataa tu

"Shangazi, kaka yangu alifariki mwaka juzi, kaacha mjane na watoto watatu huko Rombo. Ukoo umenichagua msimamizi wa mirathi ila shemeji kawa mkorofi, nilituma mtu akapime kihamba, shamba letu la ukoo, kafukuzwa na panga. Wazee wanasema arudi kwao, watoto tubaki nao. Nifanyeje? Mdogo wa marehemu, Tabata."

Pole kwa msiba mwanangu. Haya, tuongee.

Barua yako nimeisoma yote, hata ile sehemu ndefu niliyoikata hapo juu, kihamba umekitaja kila mahali ila watoto hata darasa wanalosoma hujaandika. Halafu katikati huko umechomeka harakaharaka kwamba wazee walitaka umrithi shemeji kimila akagoma, na tangu hapo ndo akawa mkorofi. Eeeh, kumbe! Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 68 inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, na kuolewa au kutoolewa na amtakaye. Meza tu.

Na huyo mpimaji alienda kupima nini? Mpaka wa kihamba ni masale, ile mimea ya mpakani, yapo pale tangu enzi za babu zenu na kila jirani anayajua. Anayepima anatafuta bei. Ningekuwa mimi ningetoka na panga mbili.

Msimamizi sio mrithi jamani, wanaume hili mnalisahau kwa makusudi! Ukoo unapendekeza tu, anayekuteua ni mahakama ya mwanzo, na ukishateuliwa kazi yako ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, basi, na orodha ya mali unatakiwa uipeleke mahakamani ndani ya miezi 4. Umepeleka? Mahakamani kwenyewe ulifika? Shemeji anaweza kwenda hapohapo akaomba utolewe, na kama anasoma hapa namwambia aende kesho asubuhi.

Ila na nyie mnaooa siku hizi mnanichosha, ukumbi wa mamilioni, droni inazunguka juu, halafu cheti cha ndoa hakijulikani kilipo na kiwanja kimeandikwa jina la kaka mtu. Mume akifumba macho mke anaanza kuulizwa yeye ni nani hapa.

Watoto kutenganishwa na mama yao hilo sijadili. Na ile hela ya kahawa ya msimu uliopita uliyoandika "niliishika mimi", mtumie leoleo kwenye simu, yote, na ya kutolea.